Fanani, Hadhira na Kurejea kwa Katuni: Mfano wa "Bloom County"

Katika taaluma ya fasihi simulizi imezoeleka kusemwa kwamba fanani hana kazi pasipo hadhira. Mtambaji asemapo "Paukwa!" huwa hana idhini ya kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!" Fasihi andishi, kwa upande wake, aghalabu huchukuliwa kuwa imeukata uhusiano huo, kwani baina ya mwandishi na msomaji husimama mhariri na mchapishaji. Historia ya katuni ya Kimarekani iitwayo "Bloom County" yaonyesha kwamba mpaka huo si imara kama unavyodhaniwa.

Katuni hiyo, kazi ya Berkeley Breathed, ilianza kutolewa magazetini mnamo Desemba 1980. Wahusika wake, miongoni mwao pengwini aitwaye Opus, mvulana Milo Bloom na paka Bill, walitumiwa kuikejeli siasa ya zama zao, na mwaka 1987 mchoraji akatunukiwa tuzo ya Pulitzer. Agosti 1989 aliikomesha mwenyewe. Opus alionekana tena katika "Outland" (1989–1995) na "Opus" (2003–2008), lakini "Bloom County" yenyewe ilinyamaza kwa takriban miaka 26.

Julai 2015 ilirejea, si gazetini bali katika ukurasa wa mchoraji kwenye Facebook. Katika mchoro wa kwanza Opus anaamka na kuambiwa kwamba amelala miaka 25. Hila hii ya kifani ni nyepesi, lakini maana yake ni nzito: kimya kilifanywa sehemu ya hadithi, na hadhira ikachukuliwa kuwa ingali imeketi palepale ilipoachwa.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika njia ya kuwafikia wasomaji. Gazetini mchoraji hufungwa na tarehe, nafasi ya safu na idhini ya mhariri. Maoni ya msomaji humfikia kwa barua, baada ya siku nyingi. Kwenye intaneti wasomaji huitikia chini ya mchoro wenyewe, saa ile ile, nao wanaofuata husoma mchoro pamoja na maitikio. Kwa hiyo matini haikomi kwenye wino wa mchoraji.

Hata hivyo, haifai kuharakia kusema kwamba usimulizi umerudi. Katika ngano hadhira yaweza kumkatiza fanani. Katika katuni mchoro huwa umekwisha kabla ya itikio. Fauka ya hayo, mtandao ni mali ya kampuni, ambayo kanuni zake huamua nani aone nini. Msimamizi wa kati hakuondoka. Amebadilika sura tu.

Kwa wafundishao fasihi, basi, suala si kuamua kama kazi ya namna hii ni simulizi au andishi, bali ni kupima ni nani awezaye kuinyamazisha na nani awezaye kuiamsha. "Bloom County" ilinyamazishwa na mchoraji peke yake. Kuamka kwake kulihitaji pia wale waliokuwa bado wakiikumbuka.