Dizeli ndogo ya Uingereza: cheti cha MOT kinamwambia nini mnunuzi wa Afrika Mashariki?

Mfanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anayeagiza gari dogo la dizeli kutoka Uingereza hulipa fedha wiki kadhaa kabla ya kuliona. Picha zimepigwa gari likiwa limeoshwa, na maelezo ya muuzaji hayabadiliki sana: injini safi, mmiliki mmoja, lina MOT.

Neno hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa. Cheti cha MOT peke yake hakimlindi mnunuzi aliye mbali. Kumbukumbu za ukaguzi zilizo nyuma ya cheti hicho zinaweza kumwokoa asipoteze akiba yake, tena kuzisoma ni bure.

MOT ni nini?

MOT ni ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Ulianza mwaka 1960 na ukapewa jina la Wizara ya Uchukuzi ya wakati huo. Gari la kawaida hukaguliwa kwa mara ya kwanza likifikisha miaka 3 (Ireland Kaskazini miaka 4), kisha kila mwaka. Karakana iliyoidhinishwa haiwezi kutoza zaidi ya pauni 54.85 kwa gari dogo. Anayeendesha bila cheti anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 1,000.

Tangu Mei 20, 2018, kasoro zimegawanywa katika makundi matatu. Kasoro ya hatari hulifelisha gari, na halitakiwi kurudi barabarani kabla ya kutengenezwa. Kasoro kubwa pia hulifelisha. Kasoro ndogo huandikwa, lakini gari hupita. Zaidi ya hizo yapo maoni ya mkaguzi kuhusu kitu ambacho bado kinafaa ila kinaelekea kuchakaa. Maoni hayo ndiyo yenye faida kubwa kwa mnunuzi wa mbali.

Nani anafeli, na kwa nini?

Kwa jumla, takribani magari 3 kati ya 10 hufeli katika jaribio la kwanza. Watu wengi hudhani kuwa dizeli huangushwa na moshi. Ukweli ni kwamba sababu inayoongoza kwa magari yote ni taa. Zinafuata springi na viungo vya chini, breki na matairi. Balbu iliyoungua au tairi lenye kina cha chini ya milimita 1.6 linatosha kulinyima gari cheti.

Kwa hiyo dizeli ndogo iliyotunzwa, kama vile Volkswagen Polo, Ford Fiesta au Peugeot 208, haifeli kwa sababu tu ni dizeli. Kinachoamua zaidi ni umri na umbali iliotembea. Gari la miaka 3 kwa kawaida hupita bila shida. Likizidi miaka 10 mambo hubadilika. Hapo ndipo dizeli huanza kuonekana mbaya, kwani waliozinunua mara nyingi ni watu wa safari ndefu waliotaka kupunguza gharama ya mafuta. Gari la umri uleule lakini lenye maili nyingi huwa limechosha bushi, springi na breki mapema zaidi.

Jambo jingine ni chumvi. Wakati wa baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula mabomba ya breki na chuma cha chini ya gari. Mkaguzi akiandika neno la kutu mwaka baada ya mwaka, mnunuzi wa pwani yetu, ambako hewa nayo ina chumvi, asilipuuze.

Pale dizeli inapokuwa tofauti

Ipo sehemu ya mtihani ambayo dizeli hufanya peke yake: kipimo cha moshi. Injini ikishapata joto, mkaguzi hukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limesimama, na mashine hupima weusi wa moshi katika bomba. Gari lenye turbo lililoanza kutumika kabla ya Julai 2008 linaruhusiwa kiwango cha hadi 3.0. La baada ya hapo ni 1.5, na dizeli za kiwango cha Euro 6 kwa kawaida ni 0.7, isipokuwa kama kibao cha mtengenezaji kinataja kiwango kingine.

Dizeli za miaka ya karibuni zina chujio la masizi ndani ya mfumo wa bomba la moshi. Tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na chujio hilo likikutwa halina, linafeli. Tangu Mei 2018 linafeli pia likitoa moshi wowote unaoonekana, wa rangi yoyote, au ikibainika kuwa chujio limechezewa. Taa ya onyo la injini ikiwaka kwenye dashibodi ya dizeli iliyoanza kutumika Julai 2008 au baadaye, hiyo nayo ni kasoro kubwa.

Hapa ndipo udogo wa gari unapokuwa tatizo. Chujio hujisafisha kwa kuunguza masizi, na kazi hiyo inataka joto kali. Joto hilo hupatikana gari likienda mwendo wa barabara kuu kwa robo saa au zaidi. Gari dogo la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni halifiki huko. Masizi hujaa, taa huwaka, na mwenye gari huambiwa anunue chujio jipya ambalo bei yake inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe. Wengine hulipa deni hilo. Wengine huliuza gari.

Kwa nini zinafika sokoni kwa bei nafuu?

Kati ya mwaka 2011 na 2014 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa Uingereza yalikuwa ya dizeli. Kodi ya barabara ilipimwa kwa hewa ya ukaa, na dizeli ndogo zilizotoa chini ya gramu 100 kwa kilomita hazikulipa chochote. Baada ya kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015 mahitaji yalianguka. London nayo ilianza mwaka 2019 kutoza pauni 12.50 kwa siku magari yanayochafua hewa, na Agosti 2023 eneo hilo likapanuliwa hadi mitaa yote ya jiji. Dizeli isiyofikia Euro 6 inaguswa na tozo hiyo.

Matokeo yake ni magari mengi yanayotafuta pa kwenda. Mwanauchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970 kwamba muuzaji anapojua siri za gari kuliko mnunuzi, magari mabovu huyafukuza mazuri sokoni, kwa kuwa mwenye gari zuri hakubali bei ya wastani. Dawa ni taarifa, na kumbukumbu za MOT ni taarifa.

Namna ya kusoma kumbukumbu

Ukiwa na namba ya usajili tu, tovuti ya serikali ya Uingereza huonyesha kila ukaguzi: tarehe, matokeo, kasoro na maili zilizosomwa siku hiyo. Kwa Uingereza, Scotland na Wales kumbukumbu zinaanzia mwaka 2005. Muuzaji anayeficha namba ya gari kwenye picha aombwe aitaje. Akikataa, amekwisha jibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dizeli ya mwaka 2019 inatangazwa kuwa imetembea kilomita 76,000. Kumbukumbu zinaonyesha maili 48,000 mwaka 2022, maili 61,000 mwaka 2023 na maili 74,000 mwaka 2024. Mita haikurudishwa nyuma. Ila maili 76,000 zimeandikwa kama kilomita, wakati kwa kweli ni zaidi ya kilomita 122,000. Tena mwaka 2024 gari lilifeli kwa taa ya injini, likapita siku mbili baadaye. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kilibadilishwa nini, na risiti iko wapi? Taa inaweza kuzimwa kwa kompyuta bila kutibu ugonjwa.

Kufeli mara moja kwa balbu au tairi kusimtishe mtu. Kinachotia shaka ni onyo lilelile linalorudi kila mwaka, au gari ambalo halikukaguliwa mwaka mzima bila maelezo.

MOT haisemi nini?

Ukaguzi huu haugusi hali ya injini, klachi wala gia. Nozeli zinazovuja au turbo iliyochoka zinaweza kupita. Hata chujio la masizi lililopasuka ndani linaweza kukidanganya kipimo cha moshi. Ndiyo sababu Uholanzi na Ujerumani zilianza mwaka 2023 kutumia mashine zinazohesabu chembechembe zenyewe. Cheti pia kinaeleza hali ya siku ya ukaguzi tu.

Vilevile MOT haichukui nafasi ya taratibu za huku. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na hudai cheti cha ubora kutoka kwa wakala aliyeteuliwa na shirika lake la viwango. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania huyapokea magari makuukuu lakini huyaongezea ushuru kadiri ya umri. Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo usukani wa Uingereza hauwafai.

Mwisho ni matumizi yenyewe. Anayenunua dizeli ndogo kwa safari za Arusha hadi Namanga au Nakuru hadi Eldoret atalitendea haki chujio lake. Anayeitaka kwa foleni za Kariakoo au katikati ya Kampala atarithi tatizo lililomfanya Mwingereza aliuze, na petroli ingemfaa zaidi.