Fahamu: Léonce Ngabo na ndoto ya sinema ya Burundi

Kijana wa Gitega au Muyinga anayerekodi filamu kwa simu leo anapita njia iliyofunguliwa na Léonce Ngabo.

Ngabo ni nani?
Ni mwanamuziki wa Burundi aliyegeukia uongozaji wa filamu. Mwaka 1992 alitoa *Gito l'ingrat*, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya nchi hiyo.

Inasimulia nini?
Gito amehitimu masomo Paris. Anamwachia mpenzi wake Mfaransa ahadi tele, kisha anarudi nyumbani akitarajia uwaziri. Cheo hakipatikani, naye anarudiana na mpenzi wake wa zamani. Yule wa Paris anapowasili, wanawake hao wawili wanaungana kumtia adabu. Kisa kinachekesha, lakini kinagusa majivuno ya wasomi.

Kwa nini hazikufuata filamu nyingine nyingi?
Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikazuka, na sinema changa ikakwama.

Ngabo anataka nini?
Anataka Warundi wajisimulie wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2009 alianzisha FESTICAB, tamasha la kimataifa la filamu la Burundi.

Visa vya kusimulia vipo?
Vipo tele. Karibu na Gitega kuna ngoma za kifalme za Gishora. UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014. Katika eneo la Muyinga, mpaka wa Kobero hupitisha malori ya Tanzania mchana kutwa.

Kinachohitajika ni mafunzo, vifaa na kumbi za maonyesho mikoani. Serikali na wafadhili wasiishie Bujumbura.