Kutoka Rad hadi Grei: Ubadilishaji wa Vizio vya Dozi ya Mionzi na Wajibu wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua ubadilishaji wa vizio vya dozi ya mionzi inayofyonzwa na mwili. Inaonesha kwamba hesabu yake ni nyepesi, bali hatari hutokana na tarakimu inayoandikwa au kutamkwa bila kizio chake. Inapendekeza pia namna ya kuvitaja vizio hivyo kwa Kiswahili.

1. Utangulizi

Mwaka 2016 mashine ya kobalti-60 iliyotumika kwa tiba ya mionzi huko Mulago, Kampala, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa wa saratani walilazimika kupelekwa Nairobi. Mgonjwa anayehamishwa katikati ya tiba hubeba faili, na miongoni mwa mambo ya kwanza yanayotafutwa humo ni dozi aliyokwisha kupata. Tarakimu hiyo ikisomwa kwa kizio kisicho chake, kosa laweza kuwa la mara 100.

2. Dozi fyonzwa

Dozi fyonzwa ni nishati ambayo mionzi huiacha katika kila kilogramu ya mada. Grei 1 (Gy) ni jouli 1 kwa kilogramu. Kizio hiki kiliidhinishwa kimataifa mwaka 1975 kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Kabla yake kilitumika kizio cha rad, kilichowekwa mwaka 1953, ambacho ni ergi 100 kwa gramu. Kwa kuwa jouli 1 ni ergi 10,000,000, na kilogramu 1 ni gramu 1,000, Gy 1 ni sawa na ergi 10,000 kwa gramu, yaani rad 100.

Nishati hii ni ndogo mno kwa kipimo cha joto. Dozi ya Gy 4 kwa mwili mzima yaweza kumuua mtu asiyetibiwa, ilhali ingepandisha joto la maji kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya nyuzi ya Selisiasi. Mwili haumtahadharishi mwenyewe. Kinachomlinda ni tarakimu iliyoandikwa sawasawa.

3. Kanuni na mfano

Kutoka rad kwenda grei, gawanya kwa 100. Kutoka grei kwenda rad, zidisha kwa 100. Hivyo rad 1 ni sentigrei 1 (cGy), na ndiyo sababu sentigrei ilipendwa hospitalini: tarakimu zilizozoeleka hazikubadilika.

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyepangiwa Gy 50 kwa vipindi 25, yaani Gy 2 kila kipindi. Faili lake linaonesha kuwa amepata rad 1,400. Hizo ni Gy 14, sawa na vipindi 7. Zimebaki Gy 36, sawa na vipindi 18. Hata hivyo, hesabu hii haitoshi kuamua tiba, kwani daktari na mwanafizikia wa tiba hawana budi kuzingatia pia siku ambazo tiba ilikatika.

4. Grei na siveti

Kosa jingine ni kudhani kwamba siveti (Sv) ni jina tu la grei. Grei hupima nishati iliyofyonzwa. Siveti huzingatia pia madhara ya aina ya mionzi. Kwa eksirei na miale ya gama kizidishi ni 1. Kwa chembe za alfa ni 20. Kwa hiyo Gy 0.01 ya gama hutoa Sv 0.01 katika tishu, na Gy 0.01 ya alfa hutoa Sv 0.2. Kizio cha zamani, rem, hufuata kanuni ileile: Sv 1 ni rem 100.

Siveti hutumika katika kinga, si katika kupanga tiba. Viwango vya kimataifa humwekea mfanyakazi wa mionzi kikomo cha milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwananchi wa kawaida milisiveti 1. Kwa vizio vya zamani, hizo ni rem 2 na rem 0.1.

5. Suala la istilahi

Tukiitohoa rad kwa kuiongezea irabu tunapata "radi", neno ambalo tayari lina maana yake. Kusema kwamba mgonjwa "amepigwa radi 200" ni kumtisha bila kumweleza. Tunapendekeza rad ibaki kuwa alama ya maandishi, na kila inapotajwa thamani yake itolewe kwa grei. Vilevile, neno "kipimo" lina maana nyingi. "Dozi", ambalo wagonjwa wamelizoea katika dawa, linafaa zaidi.

Kiswahili kina faida moja hapa. Sisi hutanguliza kizio kisha idadi: kilo mbili, shilingi mia, grei kumi na nne. Msikilizaji hujua kinachopimwa kabla ya kusikia kiasi chake, na kizio kikiachwa, pengo husikika mara moja.

6. Hitimisho

Kugawanya kwa 100 hakumshindi mwanafunzi wa shule ya msingi. Kinachohitaji nidhamu ni kutoiacha tarakimu ikasafiri peke yake, iwe kati ya Kampala na Nairobi au kati ya daktari na mgonjwa. Wakuza istilahi na wataalamu wa mionzi hawana budi kukaa pamoja, kwani uzembe wa neno hapa hulipwa kwa mwili wa mtu.