Cheti cha Programu: Piga Hesabu Hii Kabla ya Kulipa Karo

Msimu wa kujiunga na vyuo ukifika, swali moja hutujia kwa njia nyingi: je, naweza kulipa karo kidogo kidogo kwa simu? Ndiyo, chuo kikikubali. Lakini siku hizi wengi wanaouliza wanalipia kozi ya kuandika programu za kompyuta, na mara nyingi pesa yenyewe ni ya chama, au ni ya ng'ombe aliyeuzwa nyumbani. Pesa ya aina hiyo hairudi ikipotea. Ndiyo maana leo tumeamua kukaa chini na kalamu pamoja nawe.

Tuanze na karo. Serikali ilipobadilisha mfumo wa ufadhili mwaka 2023, karo ya vyuo vya TVET vya umma iliwekwa kuwa Sh67,189 kwa mwaka. Kiasi hicho hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mchango wa familia. Vyuo vya kibinafsi vina bei zao. Watu wengi hesabu yao huishia hapo, na hapo ndipo shida huanza.

Chukua mfano wa kijana anayeuza mitumba Gikomba. Faida yake ni Sh500 kwa siku, siku sita kwa wiki. Akiacha kibanda aende darasani kwa wiki 36, amepoteza Sh108,000. Hiyo inashinda karo yenyewe! Sasa ongeza laptopu ya mtumba, tuseme Sh22,000, bando ya Sh1,000 kwa miezi tisa, na nauli ya Sh100 kwa siku tano za wiki. Akijilipia karo yote mwenyewe, jumla ni Sh224,189.

Tuseme amemaliza na amepata kazi ya Sh25,000 kwa mwezi badala ya zile 12,000 za kibandani. Nyongeza ni Sh13,000. Atahitaji zaidi ya miezi 17 ya mshahara ili tu arudishe alichotumia, na hapo tumekubali kwamba kazi ilimngoja mlangoni, jambo ambalo kwa ground ni nadra. Lakini akipata darasa la Jumamosi pekee kwa karo ileile, gharama inashuka hadi Sh119,789 na pesa inarudi kwa miezi kumi hivi. Kwa hivyo swali la kwanza kumuuliza msajili ni la ratiba. Bei ya kozi inaweza kungoja.

Na cheti chenyewe kinafungua mlango gani? Ukiomba kazi serikalini au kwa kampuni kubwa, karatasi itaitishwa. Kampuni ndogo, shule, kanisa au agroveti inayotaka mfumo wa kuhesabu mali husema tu: tuonyeshe ulichotengeneza. Uliza chuo mwanafunzi huondoka na kazi gani za mkono wake, na kama kila mtu ana kompyuta yake au mnakaa watatu kwa moja. Kisha usubiri nje ya lango, uwaulize wanafunzi swali lilelile. Majibu yakitofautiana, amini ya lango.

Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, usilipe bado. freeCodeCamp na CS50 ya Harvard ni bure, na Ajira Digital pia hutoa mafunzo bila malipo. Jipe wiki sita, hata kama ni saiba ya mtaani. Ukichoka wiki ya pili, umejua ukiwa umepoteza bando tu. Wengine hugundua hivyo muhula wa pili, deni likiwa shingoni.

Tukitaja deni: sisi ni watu wa pesa kwa simu, lakini tafadhali usilipe karo kwa mkopo wa simu wa siku 30. Mkopo wa Sh20,000 wenye ada ya asilimia 8 unakula Sh1,600 kila mwezi unapousongeza mbele. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka, yaani Sh800 kwa mwaka mzima kwa kiasi hichohicho. Mkopo wa simu ni wa stoki inayouzwa wiki hii. Kozi haiuziki wiki hii.

Ukiamua kulipa, hakikisha kwanza kwamba chuo kina leseni ya TVETA. Lipa kwa Paybill au akaunti ya chuo, usitume kwa nambari ya "ajenti" hata akisema nafasi zinaisha leo. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha malipo. Omba kulipa kwa awamu, na masharti ya kurudishiwa pesa ukiacha kozi uyapate kwa maandishi. Ujumbe wa malipo usiufute. Upige picha na umtumie mtu wa nyumbani, maana simu hupotea.