Jiwe Likalia au Jiwe Akalia? Upatanisho wa Kisarufi katika Masimulizi ya Watu Waliogeuzwa Vitu

Katika masimulizi ya Afrika Mashariki, apizo la mchawi linalomgeuza kiumbe hai kuwa kitu limeshughulikiwa zaidi na wanafasihi kuliko wanaisimu. Hali hiyo inasikitisha kidogo, kwa kuwa apizo hilo huzusha swali la kisarufi ambalo msimulizi hawezi kulikwepa. Chukua sentensi (1): Mchawi alimgeuza msichana kuwa jiwe. Kiambishi -m- kinamtambua msichana. Nomino jiwe bado haijadai chochote. Sentensi inayofuata ndiyo yenye mtihani. Je, msimulizi aseme (2a) Jiwe likalia usiku kucha, au (2b) Jiwe akalia usiku kucha?

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Mabamba, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, ambako mtoto anaweza kusikia hadithi kwa Kiha nyumbani, kisha akatakiwa kuisimulia kwa Kiswahili darasani.

Kanuni ya Kiswahili sanifu inajulikana. Nomino ya kiumbe hai huchukua a-/wa- hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kiboko anaoga, ng'ombe wanakunywa. Mabaki ya ngeli ya asili yapo katika vimilikishi, kama ng'ombe zangu na rafiki yangu, lakini kitenzi hakitetereki. Kinachokitetemesha ni ukubwa na udogo. Katika jitu lile lilikuja na kijitu kile kinajigamba, mtu hajafa wala hajalogwa. Dharau peke yake imemvua a-. Hapo sarufi yenyewe hufanya kazi ya mchawi, na bila hirizi.

Kiha, ambacho Malcolm Guthrie alikipa nambari D66 katika kundi moja na ndugu zake Kirundi na Kinyarwanda, kina mpaka tofauti. Humo upatanisho hufuata umbo la nomino kuliko uhai wa kinachotajwa: kitenzi cha inka (ng'ombe) huchukua i- ya ngeli ya 9. Hata binadamu hana kinga. Katika Kirundi, neno impunzi (mkimbizi) hufuata ngeli ya 9, ingawa anayetajwa ni mtu mwenye jina na familia.

Kutokana na hayo, hadithi ya mtu aliyegeuzwa ng'ombe, kisha ng'ombe huyo akageuzwa jiwe, haina mishono ileile katika lugha hizi mbili. Ikisimuliwa kwa Kiha, kiambishi hubadilika katika hatua ya kwanza, mara tu nomino ya mtu inapoipisha inka, na hubadilika tena katika hatua ya pili. Ikisimuliwa kwa Kiswahili, hatua ya kwanza hupita kimya: msichana alilia, ng'ombe alilia. Badiliko husikika pale pumzi inapokatika tu. Mfasiri anayedhani amehamisha kila kitu amepoteza mshono mmoja bila kujua.

Shaaban Robert alinufaika na ukimya huo. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili hugeuzwa manyani, na kwingineko katika kisa hichohicho watu wa mji mzima wamekuwa mawe. Wanaokijua kisa cha Alfu Lela Ulela kinachofanana nacho watakumbuka kuwa kule ndugu hao ni mbwa. Nyani au mbwa, Kiswahili huwaachia a-/wa-; kwa hiyo kisarufi ndugu hao hawajaondoka kamwe, na kurudishiwa kwao umbo la binadamu hakuhitaji kiambishi kipya. Mawe hayana bahati hiyo.

Ushahidi ulio hai zaidi ni neno msukule. Kwa imani iliyoenea Tanzania, msukule ni mtu aliyedhaniwa kufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemficha na kumtumikisha shambani usiku, akilishwa pumba na asiweze kusema. Amefanywa chombo cha kazi, sawa na jembe. Wingi wake, misukule, una umbo la ngeli ya mti. Hata hivyo watu husema msukule amerudi, misukule wameonekana. Zimwi, kinyume chake, huzungumza na hula, lakini methali humpa li-: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tofauti haipo katika uwezo wa kusema. Msukule alikuwa mtoto wa mtu, na waliomzika wangali wanamngoja. Maiti yuko katikati: husikika maiti amezikwa na pia maiti imezikwa, na mara nyingi wafiwa huchagua a-.

Basi (2b) si kosa la kutojua ngeli. Msimulizi anayesema jiwe akalia anamshikilia msichana ndani ya jiwe na kumwahidi msikilizaji kuwa apizo laweza kutenguliwa; anayesema likalia anatazama kwa macho ya mpita njia.

Katika daftari la mwanafunzi wa Mabamba, ng'ombe ilikunywa na jiwe akalia zinaweza kupata alama moja ya kalamu nyekundu. Ya kwanza ni kanuni ya Kiha iliyovuka kuingia Kiswahili, na inasahihishwa kwa kulinganisha lugha hizo mbili ubaoni. Ya pili ingefaa mwalimu aulize kwanza kama msichana yule atarudi mwishoni mwa hadithi.