Dogi Wako Anamaliza Maji Haraka? Cheki Figo

Msee, kama siku hizi mbwa wako anamaliza bakuli la maji mara kadhaa na kukojoa kila kona ya keja, usiseme ni jua tu. Inaweza kuwa kisukari, ama figo. Noma ya figo ni hii: dalili huonekana wakati zaidi ya nusu imeshakufa, na hairudi.

Mpeleke kwa vet apimwe damu na mkojo. Ikiwa ni figo, haiponi, lakini chakula chenye protini na fosforasi kidogo, maji karibu daily na vipimo vya mara kwa mara humwongezea siku. Na akiumwa, usimpee Brufen yako. Hiyo humaliza figo zilizobaki.