Mkoba wa Ngozi Uliochakaa Bado Una Kazi

Mkoba wa mama ni kabati dogo linalotembea. Ndani yake mna kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, funguo za nyumba, risiti za shule na akiba ndogo ya safari. Mpini ukikatika sokoni, au maji yakipenya siku ya mvua, hasara haiishii kwenye mkoba wenyewe. Hata hivyo, mara nyingi mkoba wa ngozi halisi hutupwa jalalani kwa sababu tu umekauka na kupauka, na mahali pake pakachukuliwa na mkoba wa bei rahisi usiomaliza mwaka. Familia inayoishi kwa mshahara haiwezi kuendelea hivyo bila kuumia.

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, mkoba hutahiniwa mara mbili kila mwaka. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, vumbi jekundu huingia katika kila mshono, na hewa kavu huifyonza ngozi. Mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, na kuendelea hadi Mei, vitu vilivyofungiwa kabatini huota ukungu. Lakini nyanda hizo hizo zina neema yake. Ni nchi ya miombo na ya wafuga nyuki, na nta ya nyuki ni miongoni mwa vitu bora vya kuhifadhia ngozi. Dawa ya mkoba imo sokoni, karibu na chupa za asali.

ITAMBUE NGOZI YAKO

Kabla ya kushika kitambaa, hakikisha kwamba ulicho nacho ni ngozi. Tazama ukingo uliokatwa, au sehemu ya ndani isiyofunikwa na bitana. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana. Ngozi ya bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki. Utando huo ukianza kubanduka kama magamba, hakuna mafuta yatakayourudisha. Usipoteze fedha zako.

Ngozi halisi ina siri yake. Kiwandani hutiwa dawa ili isioze, ama ya madini ya kromi, ama ya magome ya miti kama miwati inayolimwa Njombe. Kisha hutiwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze zinapokunjwa. Miaka inapopita mafuta hayo hupungua, nyuzi husuguana na kukatika, na nyufa hutokea. Mafuta huzuia ufa. Hayawezi kuunga nyuzi zilizokwisha kukatika. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUSAFISHA

Toa kila kitu ndani, geuza bitana nje, ukung'ute mchanga. Piga vumbi la nje kwa brashi laini iliyo kavu, hasa kwenye mishono, kwa maana chembe za mchanga hukata uzi kama msumeno. Halafu chukua sabuni ya kipande isiyo kali, itie katika maji ya vuguvugu, ulowanishe kitambaa na kukikamua sana. Futa mkoba wote, si doa peke yake, usije ukaacha alama ya duara. Malizia kwa kitambaa chenye maji matupu.

Usitumie sabuni ya unga wala magadi. Ngozi iliyotengenezwa ina asili ya uchachu kidogo, na vitu hivyo vina nguvu ya kinyume chake. Huikausha na kuifanya ngumu. Usiutumbukize mkoba ndani ya beseni. Ukisha kuufuta, uanike kivulini penye hewa. Jua kali na joto la jiko huikunja ngozi, na mkunjo huo hautoki.

Mkoba ulionyeshewa ushindilie magazeti makavu, ukiyafunga kwanza kwa kitambaa cheupe ili wino usichafue bitana. Yabadilishe kila yanapolowana, na uwe na subira hata kama itachukua siku mbili.

CHAKULA CHA NGOZI

Katika nchi za Maziwa Makuu wazee walilainisha ngozi za kuvaa kwa kuzisugua siagi. Ngozi hizo zilivaliwa na kupakwa upya mara kwa mara. Mkoba unaokaa kabatini ni jambo jingine: siagi na samli huchacha, hunuka na kuwaita panya. Mawese ya Kigoma nayo, pamoja na utamu wake katika mboga, huacha rangi nyekundu kwenye ngozi na kwenye nguo ya mwenye mkoba. Mafuta ya alizeti hunata baada ya muda.

Tumia nta na mafuta ya nyonyo. Ukipata masega yaliyokwisha kukamuliwa, yachemshe katika maji, uyachuje kwa kitambaa, uache yapoe. Nta itaelea na kuganda juu. Chukua sehemu 1 ya nta na sehemu 3 za mafuta ya nyonyo, uziweke katika kopo, na kopo hilo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota. Usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja, kwa sababu nta huweza kuwaka, na watoto wasiachwe karibu. Koroga, uache iwe kama mafuta mazito ya kujipaka.

Jaribu kwanza chini ya mkoba na usubiri siku moja, maana ngozi ya rangi hafifu hukolea. Ukiridhika, paka kidogo sana kwa kitambaa, ukisugua kwa mizunguko. Uache usiku kucha, kisha ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Mara mbili kwa mwaka zatosha, kabla ya kiangazi na kabla ya mvua. Rangi ya viatu haifai hapa, kwa sababu mkoba husugua nguo, na rangi hiyo huhamia kwenye gauni.

NGOZI YA SWEDI

Ngozi yenye vinyweleo laini huitwa swedi. Jina hilo latokana na neno la Kifaransa la nchi ya Uswidi, kwa sababu ya glavu zilizokuwa zikitoka huko. Hii usiipake nta wala mafuta hata kidogo, kwani vinyweleo hulala na doa hubaki.

Isugue kwa mswaki mkavu, kwa upande mmoja. Palipong'aa kwa kushikwa sana, sugua taratibu kwa kifutio cha penseli. Vinyweleo vilivyolala huamshwa kwa mvuke wa birika, ukiuweka mkoba mbali kiasi usilowe, kisha uupige brashi. Doa la mafuta lifunike kwa unga wa chaki, au kwa unga wa muhogo uliochekechwa sana, ambao haukosekani katika nyumba za Kasulu na Kibondo. Uache hadi asubuhi, ukung'ute, na urudie ikibidi.

UKUNGU NA MISHONO

Mkoba wenye ukungu utoe nje ya nyumba kwanza, uupige brashi huko, ili mbegu za ukungu zisisambae. Futa kwa siki na maji, nusu kwa nusu, kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha uanike kivulini. Usiuhifadhi katika mfuko wa nailoni. Foronya ya pamba yafaa zaidi, katika rafu isiyogusa ukuta.

Mshono ulioachia ushone mapema. Vuta uzi mnene juu ya kipande cha nta, uutie sindano kila ncha, na upitishe sindano zote mbili katika kila tundu la zamani, moja kutoka kila upande. Usitoboe matundu mapya kwa msharasi kama ya zamani yanafaa, kwani matundu mengi hudhoofisha ngozi. Zipu ngumu isugue kwa penseli au nta. Mpini uliokatika katikati mpelekee fundi viatu. Kazi hiyo yataka vifaa vyake.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, lakini kwa miaka mingi ngozi zake nyingi zimeuzwa nje ghafi, na mikoba ikaturudia katika marobota ya mitumba. Wazazi wetu, madukani kulipokuwa kutupu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walijua kurefusha maisha ya kila walichokuwa nacho. Maarifa hayo yasife kwa sababu vitu vimejaa sokoni. Jumapili moja mchana, baba, mama na watoto wanaweza kukaa kivulini na kopo la nta, kila mmoja na kitambaa chake. Jumatatu mama atakwenda kazini na mkoba wake ule ule, nazo fedha za mkoba mpya zitanunua daftari.